Kifuniko cha Nyuma

Mwende,

Umefunga mkoba tangu asubuhi kama mtu anayekimbia nzige, kisha ukaenda kanisani kuagana na kwaya. Vizuri. Kwaya yenu haijui kumaliza wimbo, kwa hivyo nina mchana mzima, nami nauhitaji, maana mkono wangu huandika kama kuku anavyoparura. Ngumbaru ilitufundisha kusoma sisi wanawake wazima pale sokoni Kalamba, mpaka mwalimu akachoka na sisi. Nilitoka na herufi zote na nukta chache. Mahali utakapokosa nukta, pumua mwenyewe.

Sitakuambia uoge, wala uogope wanaume wa barabarani, wala uheshimu fundi wa cherehani atakayekufundisha huko Malili. Kama hujayajua hayo nikiwa nakupigia kelele miaka kumi na miwili, karatasi haitakusaidia.

Naandika kwa sababu ya neno ulilosema Jumamosi ukichambua ndengu. Ulisema, "Susu, nikifika kwa huyo mwizi wa kuku nitalala na mkoba wangu chini ya kichwa." Kalekye jirani yetu akacheka mpaka meno yake mawili yakaonekana yote. Mimi nilikuambia, "Chambua ndengu." Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo. Umemwita mama yako mwizi ndani ya jiko langu mimi nyanya yako, nami nikakuonyesha kokoto.

Basi kaa chini. Nitaanza na kuku, kwa sababu kuku ndio walioleta maneno haya, na kwa sababu wewe kuku huwajui. Unajua kuwala.

Mwewe usimwogope. Mwewe ni mpumbavu mwenye macho mazuri. Ulipokuwa mdogo ulinisaidia kupaka vifaranga ile dawa ya zambarau ya vidonda, ukajipaka na wewe mpaka masikioni. Mwewe akija anaona vitu vya rangi ya ajabu vinatembea chini, anazunguka, anafikiri, na ameshakosa. Ndege mzima na kucha zake anashindwa na rangi! Nimeishi na watu wengi wa akili hiyo. Baba yako ni mmoja, nitamfikia.

Yule afisa wa kilimo aliyekuja na viatu vilivyopigwa rangi alisema nijenge banda la wavu, nifungie kuku ndani mchana kutwa. Nilimuuliza, "Na chakula utawaletea wewe?" Kuku wa kwetu anajitafutia. Anakula mchwa, anakula panzi, anakula kile punda alichoacha. Ukimfungia mchana unamfuga njaa. Afisa akaandika kitu kwenye daftari, akaondoka bila chai. Hakuwa na ubaya, alikuwa mtoto tu, lakini mimi wakati ule nilidhani hakuna mtu duniani wa kunifundisha kuku. Shika neno hilo. Ndilo lililonila.

Mnyama wa kuogopa ni yule wa chini. Nguchiro, na si wale wadogo wanaokimbia kwa kundi mchana. Yule mkubwa wa mkia mweupe, anayetembea peke yake giza likiingia. Huyo haji na kelele. Anazunguka nyumba yako kama fundi anayetaka kuinunua, anagusa kila mahali, na mahali ulipojivunia ndipo anapoingilia.

Unaujua ule mzinga wa gogo uliotoboa ukuta wa nyumba ya kuku. Babu yako aliuchonga, Mungu amrehemu, alikuwa mrina asali mzuri na mume wa wastani. Alipokufa, mzinga ulikuwa bado mpya, na sikutaka mtu mwingine aupandishe mtini mwake. Nikaulaza ukutani: mdomo mmoja ndani, kuku waingie kutaga na kuatamia, mdomo wa pili nje, upande wa nyuma, juu ya rundo la samadi. Jioni sikuwa na haja ya kuinama ndani kwenye uchafu. Nilizunguka nyuma, nikafungua kifuniko, nikatoa mayai kama mtu anayetoa mkate dukani.

Wanawake wa mwethya walipokuja kunilimia matuta walisimama pale nyuma wakashangaa. Kikundi chetu kililima kwa kila mmoja kwa zamu, na kila aliyekuja kwangu alipelekwa kuona mzinga kabla ya kushika jembe. Nilikuwa mbaya kwa kujionyesha, sikufichi. Kifuniko cha nyuma, kile cha duara, zamani kilikuwa kikibanwa kwa kigingi. Mimi nikaona kigingi ni kazi. Nikatoboa kifuniko juu, nikakitundika kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe. Ukisukuma kinafunguka, ukitoa mkono kinaanguka mahali pake. "Mlango unaojifunga wenyewe," niliwaambia. Kalekye aliniita kwa jina letu, akasema, "Mwende, ungekuwa mwanamume ungekuwa chifu." Nilitembea na neno hilo mwezi mzima.

Hapo ndipo baba yako alipomleta mama yako.

Alimtoa Kitui mjini, kwa wale watu ambao babu zao walitoka pwani. Jina lake Halima, mtandio kichwani, Kikamba cha kukanyagakanyaga kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Nilimwangalia mikono. Mikono ya kupima mchele. Nikajiambia, huyu atamaliza mvua moja hapa. Alikuwa amebeba kikapu, na ndani ya kikapu kulikuwa na kuku. Si kuku wa kwetu. Kuchi, wale wa pwani: shingo ndefu, miguu mirefu, uso mkali kama ameitwa barazani kwa kesi ya uongo. Alisema mama yake amempa aanzie nyumba.

Nilisema mbele ya watu, "Huyu ni kuku au ni askari?"

Watu wakacheka. Yeye akacheka pia, akasema, "Mama, ni askari. Atakulindia nyumba." Sikupenda kwamba alicheka. Nilitaka anyamaze.

Kwanza nilimpenda kidogo kwa sababu alikuzaa wewe, na mila ikataka upewe jina langu. Lakini kupenda kwangu kulikuwa kwa mkono mfupi. Siku moja mwewe aliangusha mtetea akamwacha nusu mfu, akafa mikononi mwangu. Nikampika. Mama yako akala mboga. Nikamuuliza, "Kuku wa kwetu hakutoshi?" Akasema polepole, "Mama, aliyeuawa na mnyama dini yangu hainiruhusu. Kula wewe, ni halali yako." Alisema kwa adabu. Mimi nilisikia dharau. Mtu mwenye dharau husikia dharau kila mahali, kama mwenye homa anavyoona baridi.

Na siku nyingine, hii ndiyo ya kukumbuka, alinikuta nyuma nikitoa mayai. Alisukuma kifuniko kwa kidole kimoja, kikaenda, kikarudi. Akasema, "Mama, hiki kifuniko cha nyuma hakishiki. Kitu kikitoka porini kitaingia na kutoka, na sisi hatutajua."

Nilimjibu hivi, neno kwa neno: "Mzinga huu ulichongwa wewe hujajua kutambaa. Kwenu mjini kuku anatoka dukani na bei shingoni. Nenda kapime mchele."

Akaenda. Na kuku wake yule kuchi hakuingia kwenye mzinga hata siku moja. Alilala juu ya boriti, peke yake, akituangalia chini. Nilisema ana majivuno kama mwenyewe.

Baada ya mavuno ya ndengu kuku wakaanza kupotea. Leo mtetea mweupe, baada ya siku nne yule mwenye madoa, kisha wawili pamoja, kisha wengine wawili. Mlango ulikuwa na kufuli, na kufuli lilikuwa zima. Ukuta mzima. Damu hakuna, manyoya mawili matatu, na kuku gani haachi manyoya? Sasa sikia ujinga wa mtu mwerevu. Tangu zamani nilikuwa nafagia mbele ya mlango wa kuku kila jioni, ili asubuhi nisome mchanga nione ni nani aliyepita. Mama yangu alinifundisha hivyo, na ni jambo zuri, lifanye popote utakapofuga. Lakini fagia pande zote nne, Mwende. Mimi nilifagia mbele tu. Nyuma kulikuwa na samadi, samadi haifagiliwi, na nyuma kulikuwa na mlango wangu unaojifunga wenyewe, ambao nilikuwa nimeshausifu mno hata singeweza kuushuku.

Kila asubuhi mchangani nilikuta nyayo za mtu mmoja.

Mwethya walikuwa kwangu siku hiyo. Wanawake kumi na zaidi, majembe begani. Nikamwita mama yako kutoka jikoni, wewe ukiwa umeshika nguo yake, nikamuuliza mbele yao, "Nyayo za nani hizi?"

Akasema, "Zangu, Mama. Mimi ndiye nifunguaye mlango alfajiri. Ulitaka niruke?"

Wanawake walicheka. Hawakumcheka yeye. Walinicheka mimi, nikaona. Basi nikasema kile nilichosema. Kwamba mtu asiyekula kuku wetu anajua kuwauza. Kwamba lori za Malili na za Kitui haziulizi kuku ametoka jiko gani. Kwamba kuku wote wanapotea isipokuwa wake. Hilo la mwisho liliwageuza wote wakamtazama yeye. Lilikuwa kweli, unaona. Kuchi alikuwa pale kwenye boriti, mzima, ananiangalia.

Mama yako hakupiga kelele. Alisema, "Mama, sijala kuku wako, sijauza kuku wako. Anayewala utamwona mwenyewe, na siku hiyo mimi sitakuwa hapa kukucheka."

Baba yako alikuja Jumamosi kutoka kazini. Mutua ni mwanangu na nilimnyonyesha, lakini ni mtu wa kumwamini yule aliyesema mwisho, nami nilihakikisha nimesema mwisho. Jumapili tukiwa kanisani mama yako alifunga nguo zake. Tulikutana njiani, sisi tunatoka kumsifu Mungu. Alikuwa amekubeba mgongoni. Nikasema, mtoto ni wa ukoo huu. Baba yako akanyoosha mikono akakutoa mgongoni mwake. Ulilia mpaka ukatapika. Hulikumbuki, ulikuwa na miaka minne. Mimi nalikumbuka kwa niaba yako.

Kuku wake hakumchukua. Alisema, "Mwache amlinde mtoto." Nikasema, "Askari wako tutamla Krismasi."

Mpaka hapo unayajua, isipokuwa kwamba uliyajua kwa upande wangu. Sasa fika pale ambapo hakuna mtu ameyajua, hata Kalekye, na Kalekye anajua hata ndoto zangu.

Jumapili aliondoka. Jumanne asubuhi mtetea aliyekuwa akiatamia hayupo.

Kufuli zima. Ufunguo, tangu aende, ulikuwa umelala shingoni mwangu. Mchangani hakuna unyayo hata wa panya. Nilisimama pale, na mwili wangu ulijua kabla ya kichwa. Nikazunguka nyuma. Nikapanda samadi. Nikakiinua kifuniko, na kwenye ule ukanda wa ngozi, mahali unaposuguana na gogo, kulikuwa na nywele nyeupe ndefu za mkia, nyingi, za siku nyingi, na harufu yake ile mbaya. Alikuwa akisukuma anaingia, anamkamata kuku ndani ya giza la gogo hata wenzake hawasikii vizuri, anatoka naye kinyumenyume, na mlango wangu unajifunga nyuma yake kwa adabu. Nilimtengenezea mlango kama mgeni wa heshima.

Nilikaa kwenye samadi na nguo safi.

Mama yako alikuwa amekwenda Malili, na Malili si Ulaya. Ningefika siku ileile kama ningetaka, nimwambie, "Halima, rudi, ulisema kweli." Unajua nilifanya nini? Nilichonga kigingi. Nilikata mti mgumu, nikachonga vizuri, nikabana kifuniko, nikazing'oa zile nywele moja moja nikazitia motoni. Jioni Kalekye akapita akauliza, "Kuku wanaendeleaje?" Nikamwambia, "Tangu aende, wametulia." Na kweli walitulia. Usiku ule nguchiro alikuja akakwaruza kifuniko, akaenda zake, hakurudi. Kila neno langu lilikuwa kweli, na lote lilikuwa uongo. Kalekye akalipeleka kisimani, kutoka kisimani likaenda sokoni, na mwezi ulipokwisha mama yako alikuwa mwizi kutoka hapa mpaka Kwa Vonza.

Nguchiro alikula kuku saba. Mimi nilikula mwanamke mzima, nikajifuta mdomo.

Nilidhani nitasema baadaye. Baadaye ni mbuzi mwenye kamba ndefu. Baba yako akaenda Mombasa, akapata mke mwingine huko, sasa anatutumia salamu kama mtu anayerushia mbwa mfupa. Nikasema, hata nikisema sasa nitamrudisha kwa nani? Ukaanza shule. Nikasema, mtoto atanichukia. Kila mwaka nilikuwa na sababu mpya na kila moja ilikuwa nzuri. Mwoga hakosi sababu, hukosa miguu tu.

Mama yako alikuja hapa mara mbili. Ya kwanza ulikuwa shuleni. Nilimsimamisha njiani nikamwambia umepelekwa kwa shangazi yako. Ya pili alikuja na gauni la njano. Nililipokea. Lile gauni uliloimbia Krismasi, ukazunguka kanisani kila mtu akuone, ukaniambia, "Asante, Susu." Nikakujibu, "Usilichafue."

Na sasa kuku. Yule kuchi hatukumla Krismasi. Wale ambao nguchiro aliwaacha waliisha kwa ugonjwa, Mwende, alibaki yeye peke yake na jogoo wa Kalekye. Mwaka ule mvua ilikataa, na mwaka uliofuata ikakataa tena, na yule askari alitaga. Alipigana na mwewe mbele ya macho yangu, akamrukia na miguu yake ile. Angalia kuku wa nyumba hii ukitoka kesho. Miguu yao ni ya nani? Shingo zao je? Hujawahi kujiuliza kwa nini kuku wetu ni warefu kuliko wa Kalekye. Yunifomu yako ya kwanza ilitoka kwenye mayai hayo. Daftari zako. Ile sukari ya chai. Wewe umelelewa na kuku wa mama yako miaka kumi na miwili, huku ukifundishwa kumwita mwizi wa kuku. Aliyekufundisha ni mimi, hata pale niliponyamaza. Pale hasa.

Mama yako alipotuma neno kwa muuza ndengu, kwamba ana hoteli ndogo pale Malili na amekutafutia fundi, hakuuliza juu ya kuku. Aliuliza tu urefu wako. Wewe ulikubali kwa ajili ya cherehani. Usidhani sikuona.

Kesho utakuta kikapu mlangoni. Ndani kuna mtetea mchanga, mjukuu wa mjukuu wa yule. Amefungwa miguu, usimlegeze njiani hata akikutukana. Chini yake, kwenye gunia, nimeweka kifuniko cha mzinga na ukanda wake. Nimeziba tundu la nyuma kwa matope na mawe asubuhi hii. Sasa nitainama ndani kwenye uchafu kama watu wengine.

Usimwambie ni zawadi. Mtu hapewi zawadi ya kitu chake. Mpe kifuniko kwanza, mkononi, kabla ya salamu. Yeye atakijua. Kisha msomee barua hii. Nimeiandika Kiswahili, siyo kwa ajili yako, wewe Kikamba unakijua mpaka matusi yake. Soma yote, hata mahali nilipomtukana, usiruke ili kunipamba. Na mahali nilipoandika mama yako, soma Mama Mwende. Miaka minne tangu akuzae alikaa hapa nami sikumwita hivyo hata siku moja, kwa sababu jina hilo lina jina langu ndani yake, nikaona atalichafua.

Kalekye nitamwambia mwenyewe leo jioni, maana akiambiwa yeye wameambiwa wote. Atapita hapa mkitoka kanisani. Nimeshaweka chai.

Mama Mwende akikuuliza kwa nini sikuja mwenyewe, usimwambie ni magoti. Magoti yangu yanafika sokoni kila Alhamisi. Mwambie Susu wako amepambana na mwewe, na nyoka, na nguchiro, na hakuna aliyemfanya arudi nyuma, isipokuwa yeye Mama Mwende. Mwambie nitakuja akisema nije. Asiposema, nitakuwa nimesikia.

Kuku mfungeni kamba mguuni siku tatu, mpaka ajue kwamba pale ni kwao. Siku tatu zinatosha kuku. Mama yako nilimnyima hata hizo.

Nasikia mnaimba wimbo wa mwisho. Nakunja karatasi.

Ni mimi, Mwende mkubwa.